Mkato Ulioanzia Chini

Mafuta ya karafuu watu wengi huyahusisha na jino. Mimi ni mfamasia hapa Alief, Houston, na wanaokuja kuniuliza kichupa chake ni ndugu zetu ambao jino limewanyima usingizi siku tatu na bado wanamkwepa daktari. Mama yangu, mtu wa Wete, akiisikia harufu ile hukumbuka majamvi ya karafuu yaliyoanikwa uani kwao Pemba. Mimi, msinicheke, hukumbuka panga. Panga ndefu za Kijapani, zimelala juu ya meza ya kulia chakula katika nyumba moja ya Richardson, pembeni ya Dallas, yenye zulia la kahawia, na kiyoyozi kinavuma kama kina ugomvi na mtu.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa akihudumia wazee majumbani kwao, na mzee wake wa wakati ule alikuwa Bi Doris, bibi wa Kizungu mwenye kisukari, mjane asiye na mtoto, aliyeishi kwa kazi ya kutengeneza meno ya bandia mpaka akastaafu. Shifti ya Mama iliisha saa moja jioni, na basi la shule lilinishusha saa tisa na nusu. Baba alikuwa dereva wa lori, wiki nzima yuko njiani. Basi Mama akamwomba Bi Doris niwe nakaa pale jikoni, nifanye kazi zangu za shule kimya mpaka saa ya kuondoka. Bi Doris alikubali, kwa sharti moja tu, kwamba nisimwage kitu chochote chenye sukari.

Siku ya kwanza nilipofunguliwa mlango, harufu ilinipokea kabla ya mtu. Nikauliza, "Mama, nani amepika pilau?" Mama alicheka mpaka akashika kiuno. "Pilau? Hiyo ukiila itakukata ulimi. Njoo uone." Akanishika mkono mpaka chumba cha kulia. Nikaziona panga saba zimepangwa juu ya kitambaa cheupe, na bibi mmoja mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa kama za mvulana, anapitisha kitambaa juu ya chuma polepole kama anayemfuta mtoto mchanga. Kumbe Wajapani tangu zamani hupaka panga zao mafuta yenye karafuu ili zisishikwe na kutu. Mama alikuwa amelipokea jambo hilo kwa fahari kubwa. Aliona kwamba watu wowote waliofikisha karafuu mpaka kwenye vita, basi ni watu wa maana.

"Huyu ndiye Zuhura?" Bi Doris akauliza. Kiingereza chake kilikuwa cha Texas, cha kuvutavuta. Hakunitazama usoni, alitazama pembeni ya sikio langu. Nilidhani ni maringo.

Haikuwa maringo. Bi Doris alikuwa na ugonjwa wa macho unaoweka doa katikati ya kila unachokitazama. Pembeni anaona: anaona mlango, anaona umbo la mtu, anajua umesimama. Lakini akiuelekezea macho uso wako, uso unapotea, na akielekeza macho kwenye maandishi, maandishi yanapotea. Mama alijua kwa sababu ya kazi yake. Zaidi ya Mama na daktari, hakuna aliyejua, na Bi Doris alitaka ibaki hivyo. Maana bibi yule, jamani, alikuwa na jina. Kuanzia Dallas hadi Houston, mtu akifungua sanduku la babu yake aliyepigana kule Japani akakuta upanga, aliambiwa, "Mpelekee Doris." Alikuwa msomaji wa saini.

Niwaeleze saini ile ni nini, maana na mimi ilinichukua muda. Mhunzi wa Kijapani akimaliza upanga wake alichukua tindo na nyundo, akakata jina lake kwenye msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Ukiuvaa upanga, hulioni. Ukipigana nao, hulioni. Mpaka usukume nje kijiti cha mwanzi kinachoushikilia mpini, uushike upanga umesimama, upige ngumi ndogo juu ya kifundo cha mkono wako, mpini ulegee, uchomoke. Ndipo msuka unatokeza, mweusi kwa kutu ya miaka mia tatu, mia nne, na jina la mtu limelala pale gizani miaka yote hiyo. Mara ya kwanza niliyoliona nilisahau kupumua. Sikujua kusoma hata alama moja, lakini nilijua kwamba kuna mtu amekaa mahali fulani, akapiga nyundo, akasema: mimi.

Kutu ile haisafishwi. Kutu ndiyo umri wenyewe. Mama, ambaye sufuria zake ungeweza kujitazama ukasuka nywele, ilimuuma sana. "Bi Doris," aliwahi kusema, "nipe limau na majivu, dakika tano tu." Bi Doris aliukumbatia ule msuka kifuani kama anayetaka kunyang'anywa mwana. Toka siku ile, kila Mama alipopita na kitambaa cha vumbi, Bi Doris aliita kutoka chumba cha pili, "Mariamu! Nakusikia!"

Sasa, kazi yangu ilianza kwa bahati. Nilikuwa nimekaa na hesabu zangu, yeye yuko na kioo cha kukuzia, taa imeinamishwa, anageuza kichwa huku na huku kama kuku anayetafuta punje. Akaguna. Akaweka kioo chini. Kisha akasema, sauti ya kawaida kabisa, "Wewe mtoto, unaona nini hapa?"

Nikasogea. "Naona ngazi," nikasema. "Ina vidato vitatu. Chini yake kuna mtu amepanua miguu."

Akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyepata kitu mfukoni alichodhani kimepotea. Akanyoosha kiganja. "Nichoree hapa. Kwa kidole. Mkato mmoja mmoja, kama ulivyo."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, wenzangu: kwa kumwandikia kikongwe mkononi. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa kisukari, hakuweza kuupapasa mkato wenyewe kwenye chuma, lakini kiganja kilikuwa kizima bado. Mimi natazama msuka, nachora kiganjani. Yeye amefumba macho, midomo inacheza, kisha anataja. Alama hii ni jina la jimbo. Hii maana yake ni mkazi wa. Hizi mbili ndizo jina la mhunzi. Hii ya mwisho maana yake alitengeneza. Akishataja ananiambia niiandike kwenye daftari mara ishirini, na Mama akija kuangalia kazi za shule anakuta kurasa nzima za Kijapani. "Mwalimu wako atasema umepagawa," alisema.

Baada ya miezi michache alinifunza kusoma jambo lililo chini ya jina. Tindo ikipigwa huacha alama yenye kichwa kinene na mkia mwembamba, kama kiluwiluwi. Mkato mmoja ni viluwiluwi vingi vimefuatana, na vichwa vinakuonyesha mkono ulianzia wapi na ulielekea wapi. Mtu anaweza kuiga umbo la jina la mwenzake, alisema Bi Doris, lakini kuiga safari ya mkono ni shida, kwa sababu mwenye jina halifikirii, analipiga tu. Kila mhunzi alikuwa na safari zake. Bi Doris alikuwa nazo kichwani mamia, zote, kama bibi zetu wanavyojua nani kazaliwa na nani. Nilimwona ni mtu wa ajabu kuliko wote niliopata kuwajua, na sijabadili mawazo.

Alikuwa na sheria moja, na aliikariri kila siku tukikaa mezani: "Niambie unachokiona. Usiniambie unachofikiri ninataka."

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria nyingine. Mtoto hamkosoi mkubwa. Mkubwa akisema Dodoma iko baharini, wewe unasema "ndiyo, shikamoo," unamletea maji. Siku moja mjomba alikuja kutusalimia, akawa anaeleza njia ya kufika uwanja wa ndege, na mimi nikasema, "No, Uncle, that's the wrong exit." Ilikuwa kweli, njia ya kutokea aliyoitaja siyo. Mama alinifinya pajani chini ya meza, finyo la Kipemba, lile la kushika kidogo na kuzungusha. Mjomba alipotea njia, akachelewa, akapiga simu kulalamika barabara za Texas, na Mama akampa pole bila haya yoyote. Nilikua na sheria hizo mbili, moja ya Richardson mchana, moja ya nyumbani jioni, na kwa karibu miaka miwili hazikuwahi kugongana.

Watu walikuwa wakiacha panga zao kwa Bi Doris wiki moja au mbili. Tukisoma pamoja, yeye anasema maneno, Mama anayachapa kwenye kompyuta, na mwisho mimi naweka kidole chake mahali mstari ulipo, anatia saini. Barua yake ikitoka, imetoka. Hakuna aliyeuliza mara mbili.

Nilipofika miaka kumi na moja, akaja Bwana Curtis kutoka Houston, mstaafu mmoja mpole mwenye kofia pana, na upanga wa marehemu baba yake umefungwa katika blanketi la mtoto. Alitaka kuuonyesha kwenye maonyesho ya panga ya Houston, ambako safari ile angekuwepo mtaalamu mgeni kutoka Japani. Bwana Curtis alipoondoka, tukatoa mpini. Nikaanza kuchora kiganjani.

Alama ya kwanza. Mkono wa Bi Doris ukakaza. Alama ya pili, nikaanza tu, akaimaliza mwenyewe hewani kwa kidole cha mkono wa pili. Akataja jina. Lilikuwa jina la mhunzi aliyempenda kuliko wote. Alikuwa amesoma habari zake miaka arobaini na hajawahi kuishika kazi yake hata moja. Uso wake, jamani! Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima amefurahi namna ile, mpaka mashavu yakawa mekundu, mpaka akamwita Mama aje aone.

"Mkato wake wa mwisho," aliniambia, "ule mrefu wa kulala upande. Yeye huuanzia juu, siku zote. Unaanzia juu, sivyo, Zu?"

Nikatazama. Nikasogeza taa. Vichwa vya viluwiluwi vilikuwa chini. Vyote. Mkono ulikuwa umeanzia chini ukapanda.

Nitasema kweli kama ilivyokuwa. Sikufikiri sana. Mkubwa ameshasema. Mama amesimama nyuma yangu, mkono uko begani mwangu. Na yule bibi amefurahi kiasi kile. Nikasema, "Ndiyo, Bibi. Juu."

Barua iliandikwa siku ileile. Mimi mwenyewe nilimwekea kidole chake kwenye mstari.

Wiki tatu baadaye tukaenda Houston, Mama akiendesha, Bi Doris mbele na miwani ya jua, mimi nyuma na begi la mafuta na vitambaa. Njia nzima alisimulia habari za yule mhunzi.

Maonyesho yalikuwa ukumbini kwenye hoteli moja, meza ndefu zimefunikwa vitambaa vya kijani, harufu ile ya karafuu nzito kuliko nilivyowahi kuisikia. Bi Doris akaingia na watu wakasimama. Wanaume wakubwa, wenye ndevu, wenye mikanda ya vichwa vya ng'ombe, wanamvutia kiti, wanamwita mama. Nilitembea pembeni yake nikimwongoza kwa kiwiko bila mtu kujua, kama tulivyozoea, nikajiona malkia mdogo, mpaka nikakumbuka.

Mtaalamu mgeni alikuwa mzee mfupi wa suti ya kijivu. Bwana Curtis alimpelekea upanga pamoja na barua. Niliwaona kwa mbali. Aliisoma barua, akatoa kioo, akainama juu ya msuka muda mrefu, akainuka, akaisoma barua tena. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. Hakumwambia mtu kitu. Aliubeba upanga kwa mikono miwili, akaja mpaka kwenye kiti cha Bi Doris, akainama, akasema kwa sauti ndogo ambayo sisi wa karibu tu tuliisikia, "Bibi, naomba unielekeze. Mkato huu wa mwisho, wewe umeusomaje?"

Alimwekea upanga magotini, akamshushia taa. Bi Doris akainamisha kichwa. Mimi nilijua haoni kitu pale, ni doa tu. Bwana Curtis kasimama na kofia mkononi, na wanaume wanne watano wanasubiri.

"Zuhura," akasema. Hakuwahi kuniita jina zima. "Niambie unachokiona."

Nikasogea. "Vichwa viko chini, Bibi," nikasema. "Umeanzia chini."

"Na siku ile kule nyumbani, ulikuwa umeanzia wapi?"

Nikaanza kulia. "Chini," nikasema. "Siku ile pia ulikuwa chini."

Nilisikia Mama amevuta pumzi. Mikono ya Bi Doris ilikuwa bado juu ya chuma. Angeweza kumrudishia yule mzee upanga na kusema taa ya nyumbani ni mbovu. Angeweza kusema mtoto alinidanganya, na ingekuwa kweli tupu, na kila mtu pale angemhurumia. Yule mgeni alikuwa amemwachia nafasi, ndiyo maana alinong'ona.

Bi Doris akashika meza, akasimama. "Naomba mnisikilize," akasema, na sauti yake nyembamba ikaenda mpaka mwisho wa ukumbi. "Barua iliyokuja na upanga huu ni yangu. Nimekosea. Mhunzi wa upanga huu siye niliyemtaja. Macho yangu hayasomi tangu mwaka juzi na nimewaficha, kwa sababu ya kiburi tu. Mwenye barua yangu ya tangu wakati huo aipeleke kwa mtu mwenye macho, aisome upya. Curtis, nisamehe."

Akakaa. Msidhani watu walipiga makofi. Mtu mmoja alikohoa. Bwana Curtis aliufunga upanga katika lile blanketi, akaondoka bila kuaga, na wale waliokuwa wametuzunguka wakakumbuka wana shughuli meza nyingine. Yule Mjapani peke yake ndiye aliyebaki. Aliinama tena, chini kuliko mara ya kwanza, kisha na yeye akaenda.

Tulikuwa tulale kwa shangazi yangu, hapa hapa Alief. Mvua ilikuwa inanyesha, ile ya Houston isiyojua kuanza taratibu, na magari yamesimama. Kwenye taa nyekundu nikauona mkono wa Mama unakuja nyuma kati ya viti, vidole vimeshakaa tayari kwa finyo.

"Mariamu, mwache," alisema Bi Doris. Sijui aliuonaje. Labda kwa ile pembe ya jicho. Kisha akaniuliza, bila ukali, "Zu, kwa nini uliniambia juu?"

Nikamwambia kwa kwikwi. Kwamba kwetu mtoto hamkosoi mkubwa. Kwamba alikuwa amefurahi. Kwamba alishasema mwenyewe ni juu.

Mama akarudisha mkono kwenye usukani. "Mimi ndiye niliyemfunza hivyo, Bi Doris," akasema taratibu.

"Najua. Na umemlea vizuri." Bi Doris alitazama dirishani, mahali ambapo kwake palikuwa na giza na mataa. "Mimi siku ile sikumuuliza. Nilimpa jibu, nikamwomba alirudie. Msomaji wa miaka arobaini, halafu ninauliza hivyo. Hilo ndilo kosa lenyewe, na ni langu."

Kwa shangazi tulikula, kwa kuwa kwa shangazi huwezi kukataa. Alimrundikia Bi Doris sambusa nane na kumwita dada. Mimi sikumeza kitu. Nilikuwa na hakika nimemuua.

Na miezi iliyofuata ilinithibitishia hivyo. Simu ya Richardson iliyokuwa ikilia kila siku ilikaa kimya. Hakuna blanketi wala sanduku lililoletwa mlangoni. Nilipofika kutoka shule nilimkuta mezani na panga zake mwenyewe, anazipaka mafuta kwa kukisia, na karatasi za kukokotoa sukari Mama amezibandika kwenye friji. Nilimwomba Mama nisiende tena, nibaki nyumbani peke yangu. Mama akakataa. "Utakwenda, utakaa, utamsalimia," alisema. "Ukimkimbia sasa ndiyo utakuwa umemwonea." Kwa hiyo nilikwenda, nikakaa. Yeye hakubadilika hata kidogo. Alininyooshea kiganja kama kawaida, tukazisoma zile saba upya, moja baada ya moja, ingawa tulizijua zote kwa moyo.

Siku moja ya baridi simu ikalia. Mama aliipokea, akampa, akabaki amesimama na mwiko mkononi. Alikuwa yule mzee wa suti ya kijivu, anapiga kutoka Japani. Watu walikuwa wamempelekea barua za Bi Doris pamoja na picha za misuka, kama alivyowaambia ukumbini. Nane zilikuwa zimepita mkononi mwake, na alikuwa amezirudia zote nane. Kila moja ilikuwa sawa. Aliuliza nani alikuwa anamsomea.

"Mtoto wa miaka kumi na moja," Bi Doris akasema, "na mkono wangu."

Mzee yule akasema ana rafiki yake Fort Worth mwenye upanga unaomsumbua, na kama Bi Doris angekubali, angependa yeye na mtoto wausome.

Upanga uliletwa Ijumaa. Tukautoa mpini. Kutu nene, alama tatu, moja nusu imeliwa. Nikachora kiganjani, alama ya kwanza, ya pili. Bi Doris akakunja uso, akataja jina, akasema, "Huyu tu. Hawezi kuwa mwingine." Kisha akanywa maji, akasema tena, kwa sauti nyingine, "Niambie unachokiona."

Mama alikuwa jikoni, mlango wazi. Nilisogeza taa. Niliangalia mara tatu. "Hapana, Bibi," nikasema. "Siye. Mkato wa katikati unakwenda upande mwingine."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia mkubwa hapana nisifinywe. Bi Doris aliipiga ile meza kwa kiganja hadi kioo kikaruka. "Nichoree tena!" akasema, anacheka, machozi yanamtoka. "Tena! Polepole!" Tulikaa nao mpaka Mama akapitisha saa ya kuondoka, na barua tuliyoiandika ilikuwa na sentensi moja tu: kwamba hatumjui mhunzi huyu.

Alifariki nikiwa chuo, na panga zikaenda kwa watu wanaozijua. Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha msamaha, cha bibi mwema aliyemsamehe mtoto muongo. Sasa mimi ndiye mkubwa. Nina vijana chini yangu hapa dukani, wengine wa kwetu, wenye adabu zao, wanaosema ndiyo kabla sijamaliza swali. Mara mbili katika kazi hii imenibidi nisimame mbele ya watu wanaoniheshimu niseme nimekosea mimi. Mara zote mbili hawakuzidi watu watatu, na mara zote mbili nilitafuta kwanza, kwa haraka, ni nani mwingine aliyekuwa chumbani wa kumtupia kosa.

Yeye alikuwa na ukumbi mzima na jina la miaka arobaini. Na mwingine aliyekuwa chumbani nilikuwa mimi, nimesimama karibu naye kabisa, ninalia, nina hatia. Hakunitazama hata kwa ile pembe ya jicho inayoona.